Beki wa Kushoto

Mwaka ule nilikuwa nahodha wa timu ya kiwanda chetu cha uchapaji, na tulikuwa tumefungwa mechi nne mfululizo. Ya tano tukapigwa sita bila. Tulikaa nyuma ya goli, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Golikipa wetu, karani kutoka Mombasa, ndiye aliyeanza. "Ndugu zangu, tukubali tu. Mpira hatuujui."

"Tunaujua," nikamkatiza. "Tatizo ni uvivu." Nikamgeukia beki wa kushoto. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemleta kutoka Kakamega na kumtafutia kazi. Mabao manne yalipita upande wake. "Kama wewe. Unacheza kama mtu aliyelazimishwa."

Aliinama, akavua kiatu, kisha soksi. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka, damu imegandia kwenye vidole.

"Shemeji," alisema, "tangu mechi ya kwanza, kila asubuhi natoka nyumbani Uthiru, nje ya mji, mbio mpaka kazini. Jioni narudi mbio. Askari wamenikamata mara mbili wakidhani nimeiba. Nijitahidi vipi tena?"

Nilijua napaswa kumwomba radhi. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, nikashupaa. "Basi huna kipaji. Jumapili utakaa nje."

"Sawa." Akaondoka akichechemea, kiatu mkononi.

Nyumbani hakukukalika. Mke wangu alinipakulia chakula siku tatu bila neno. Siku ya nne akauliza, "Na wewe, mbio zako unakimbilia wapi?"

Mimi nilikuwa napanda basi.

Jumapili, kwenye uwanja wa Kileleshwa, tulicheza bila yeye. Tukafungwa tano. Bao la tatu lilikuwa kosa langu kabisa: nilinyang'anywa mpira katikati, nikamfukuza yule mtu, miguu ikagoma. Nilipogeuka, golikipa alikuwa ananitazama.

Jumatatu nilimfuata shemeji kwenye mashine yake, wenzetu wote wakisikia. "Nilikukosea mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu."

Aliendelea kufuta wino kwenye rola. "Nimesikia, shemeji," alisema mwishowe.

Hakurudi kucheza, ingawa nilimsihi. Mwaka uliofuata nilimwachia golikipa unahodha, nikakaa na wachezaji wa akiba.