Maziwa ya Watu wa Hatari

Jumanne, tarehe 11 Machi 2014. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika watu walipokuwa wakienda kazini, na ukungu ukabaki umeufunika mlima Nyiragongo hadi kiunoni. Vichochoro vya mtaa wa Mabanga, ambavyo ni mawe meusi ya volkano yenye ncha, vilikuwa vinateleza. Adalbert alipita juu yake kama kuku aliyelowa, mkono mmoja umeinua suruali isiguse tope, kwapa la pili limebana kopo la maziwa ya unga.

Alikuwa shefu wa biro, mkuu wa ofisi, katika idara ya usafi ya Leta, yaani serikali, na tangu mwezi uliotangulia usingizi ulikuwa umemkimbia. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano. Katika idara ile watumishi waligawanywa mafungu mawili. Wa kazi ya ofisi walikaa kazini hadi miaka sitini na mitano. Wa kazi ya hatari, yaani wanaobeba pompi za dawa mgongoni na kugusa maiti na matapishi ya wagonjwa, walitakiwa kustaafu wakiwa na hamsini na mitano, kwa kuwa kifua chao huchoka mapema. Adalbert, ambaye hatari kubwa aliyowahi kukutana nayo kazini ni kiti kilichovunjika mguu, alikuwa katika fungu la hatari. Na hakuna aliyemwonea. Alijiweka humo mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda, umati usio na mwisho, na kipindupindu kikawafuata kambini Mugunga na Kibumba. Ardhi ya huko ni jabali, jembe halipenyi. Maiti zilizoviringishwa katika mikeka zilipangwa kando ya barabara zikingoja mashine za kuchimba. Idara ikatafuta watu wa kunyunyiza kloro na kumwaga chokaa. Wanaume wengi walikuja kuangalia, wakashika pua, wakaenda zao. Waliobaki wengi walikuwa wanawake, miongoni mwao Micheline, mjane wa Mabanga, na rafiki yake Kanyere, aliyekuwa ametoka Butembo kuuza maharage, akakuta soko limejaa watu wasio na cha kununulia.

Adalbert wakati huo alikuwa karani. Kazi yake ilikuwa kugawa mabuti ya mpira akiwa amekaa. Mugunga alifika mara moja tu, ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kitambaa chenye manukato kimebandikwa puani. Hata mlango hakufungua. Alimwambia dereva kwamba kichwa kinamgonga, gari likageuzwa, na ndiyo vita yake yote.

Miaka minne baadaye, vita nyingine ikiwa imeleta wakubwa wapya, idara iliamua kwamba watu wa hatari wapewe nyongeza ya mshahara, na kila mwezi makopo ya maziwa, kwa sababu watu wa kunyunyiza dawa wanaamini tangu zamani kwamba maziwa huosha kifua. Nafasi zilikuwa chache. Aliyekabidhiwa kupanga majina ni Adalbert. Akaanza na jina lake, akafuata na la shemeji yake, kisha la mpiga taipu, ambaye kidole chake kilikuwa kimewahi kubanwa na mashine. Wanawake wa pompi walipokuja kuuliza, aliwaambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa, akawaandika wafagizi wa ofisi. Kwa hiyo Micheline, ambaye blauzi zake ziliraruka mabegani kwa ukali wa kloro, akawa mtu wa ofisi. Watoto wa Adalbert wakanenepa mashavu kwa maziwa ya kifua chake.

Mtu mwingine angekula na kunyamaza. Yeye alitaka na sifa. Kila tarehe moja Mai, sikukuu ya wafanyakazi, watumishi wa Leta wanapopita mbele ya jukwaa na vyombo vya kazi zao, Adalbert alivaa ovaroli iliyopigwa pasi na kubeba pompi mgongoni. Ilikuwa tupu, kwa kuwa ikijaa maji inamwumiza bega. Baada ya kupita walikwenda kunywa, na hapo alianza kusimulia: jinsi alivyotangulia kuingia Mugunga, jinsi wanaume walivyokimbia akabaki peke yake, na jinsi alivyosikia mkeka mmoja ukipumua, akaufungua, akatoa mtoto wa kike aliye hai katikati ya wafu. Mtoto huyo alikuwepo kweli. Aliyemtoa ni Micheline. Adalbert aliisikia habari hiyo ofisini akiwa na chai mkononi, akaipenda, akaichukua. Mwaka wa kwanza aliisimulia kwa aibu kidogo. Kufikia mwaka wa tano alikuwa analia machozi anapoifikia sehemu ya mkeka.

Sasa sifa ilikuwa imemgeukia. Alikitaka kiti chake miaka kumi zaidi. Bila kiti hakuna aliyemjua hata kwa salamu, na hilo alilijua vizuri kuliko yote. Kujipunguzia umri hakukuwezekana tena. Lava ya mwaka 2002 ilipounguza ofisi, alijitafutia kwa hakimu cheti kipya cha kuzaliwa kama wengi, akatupa miaka minne. Kurudi kwa hakimu mara ya pili kungekuwa kumchezea. Ilibaki njia moja. Tume ilikuwa imefika mjini kusikiliza watumishi waliosema wamewekwa katika fungu lisilo lao, na ilikubali neno la mashahidi wawili walioifanya kazi yenyewe. Ndiyo maana siku hiyo alikwenda kwa Micheline kwa miguu, na kopo kwapani.

Aliwakuta Micheline na Kanyere mlangoni wakichambua maharage. Micheline alikohoa kwanza, kisha akamsogezea kigoda.

“Shefu, leo Mabanga imebarikiwa,” Kanyere alisema. “Hata gari halikuonekana.”

Adalbert alicheka kidogo, akaweka kopo juu ya jiwe katikati yao. Alizunguka sana. Aliuliza habari za watoto, za mvua, za kifua cha Micheline ambacho hakuwahi kukiulizia tangu mama huyo aajiriwe. Mwishowe akasema kwamba anawahitaji mbele ya tume mchana ule, na kwamba hawana haja ya kutunga kitu.

“Mseme ukweli tu. Kwamba mimi sikushika pompi hata siku moja.”

Kanyere aliliangalia kopo, akamwangalia yeye. “Ukweli gani, Shefu? Ule wa leo, ao ule wa tarehe moja Mai?”

“Mama Kanyere, tusianze michezo.”

“Sichezi, Papa. Nauliza ili nisikuharibie mbele ya bakubwa.”

Micheline alisema watakuja, na kila mmoja atajibu atakachoulizwa. Adalbert alishusha pumzi. Tangu awe shefu alikuwa amezoea kwamba mtu wa chini akisema “nitakuja” amekwisha kukubali yaliyobaki. Aliondoka akipiga mluzi, na aliteleza mara moja tu.

Tume ilikaa katika ukumbi wa idara. Mwenyekiti wake, Hitimana, alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo ambaye alikuwa amesikiliza malalamiko tangu asubuhi na sura yake ilionyesha uchovu. Watumishi wa biro walijipanga madirishani wakijifanya wanakwepa manyunyu, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kitambo. Adalbert alijieleza vizuri. Alisema yeye ni mtu wa kalamu tangu mwanzo, kwamba jina lake liliingizwa katika kazi ya hatari kwa makosa yaliyoletwa na vurugu za vita, na kwamba Mugunga yeye anaijua kwa jina.

Hitimana akamwita Kanyere, akamuuliza kama bwana huyu amewahi kufanya kazi kambini.

“Papa Prezidenti, mimi siwezi kumpinga mukubwa wangu,” Kanyere alisema. “Yeye mwenyewe ametuambia kila mwaka kwamba alitutangulia. Alituambia alibaki na wafu peke yake, wanaume wote wamekimbia. Alilia. Mutu mukubwa atalia kwa uongo?”

Dirishani mtu alikohoa ili asicheke. Hitimana alimgeukia Adalbert na kumuuliza kama alisema hayo. Adalbert alijibu kwamba yalikuwa maneno ya sherehe, maneno ya chupa. Hitimana akauliza tena, na ile pompi ya tarehe moja Mai, iliyopigwa picha na kutundikwa katika biro yake, nayo ni ya chupa? Adalbert alisema pompi ilikuwa tupu. Kicheko cha dirishani safari hii hakikujificha.

Mwenyekiti alingoja kimya kirudi. Alikuwa haonekani tena kuchoka.

“Nisikilize vizuri, Shefu. Kama ulikuwa Mugunga, umeitumikia Leta, nayo inakushukuru, nenda upumzike. Kama hukuwa, basi miaka kumi na sita umekunywa maziwa ya watu wa hatari bila kuwa mmoja wao, na hayo hayaamuliwi katika chumba hiki. Yanaamuliwa kwa mwendesha mashtaka. Chagua mwenyewe.”

Adalbert alitazama mlango, akatazama madirisha, akaona sura za watu aliokuwa amewafokea kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyomwonea huruma. Jasho lilishuka likaingia kwenye kola.

“Nilikuwa Mugunga,” alisema.

“Sikusikia.”

“Nilikuwa Mugunga. Mimi ndiye niliyemtoa yule mutoto.”

Alikuwa hajaulizwa habari za mtoto. Hata akiwa amebanwa ukutani, mkono wake ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea kuiba.

Hitimana aliuliza ni mtoto gani. Hapo Micheline, aliyekuwa amekaa nyuma, alisimama, akakohoa mpaka akashika mgongo wa kiti.

“Anaitwa Umwiza,” alisema. “Analima Kibumba. Nimemulea mimi, ananiita mama. Shefu hamujui hata sura.”

Mwenyekiti akamuuliza mama yule yuko fungu gani. Micheline akasema ofisi, mfagizi. Umri? Hamsini na saba. Na pompi anabeba nani sasa, katika kambi mpya za vita hivi vya juzi? Akasema anabeba yeye. Hitimana aliwaambia wenzake wa tume kwamba nafasi moja ya hatari imekuwa wazi tangu dakika ile, akaamuru iwe ya Micheline, astaafu kama inavyompasa. Kanyere aliuliza na yeye je. Akaambiwa angoje tume nyingine. Akasema kungoja anakujua.

Jioni Adalbert alitoa vitu vyake katika biro: kalenda, glasi yake ya chai, na ile picha. Hakuna aliyemsaidia kubeba.

Kesho yake asubuhi aliamka mapema kama kawaida. Alivaa shati jeupe, akafunga tai, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alitembea hadi kwenye kibanda cha Sibomana, muuza chai wa Mabanga, ambako alikuta vijana watatu wa kupakia magari ya kwenda Sake wakinywa bila kuongea. Alikaa kati yao. Alingoja mmoja amsalimie. Kisha aliwaambia kwamba jana tume ya wakubwa, iliyotoka mbali, ilikaa mchana mzima juu yake yeye peke yake, ikaita mashahidi, ikathibitisha mbele ya watu wote habari za Mugunga. Na kama walikuwa hawazijui, angewaeleza tangu mwanzo.

Alipofika kwenye mkeka uliopumua, machozi yalikuja bila taabu. Aliyafuta kwa kitambaa chenye manukato, akamsogezea Sibomana kikombe, akaomba aongezewe maziwa.