Kitaa Kilichowaka Umeme Ukikatika

Moshi wa risasi ya kulehemu ukinifikia puani pale dukani kwangu Kariakoo, vijana wangu wanadhani bosi anawaza biashara. Mimi nawaza barafu za ukwaju. Nimeishia la saba, na leo ukiulizia jenereta mtaa ule utaletwa kwangu, sifichi. Lakini kuna kitaa kimoja chekundu, taa ndogo kama punje ya mahindi, kilinishinda.

Tulikaa Gerezani. Mama aliuza barafu barazani, friza iko chumbani. Mchana umeme ukikatika hana habari, mpaka mteja amrudishie barafu imekuwa maji. Siku moja akasema, kwa utani tu, kwamba atakayemtatulia hilo ndiye atakuwa fundi wake. Nilikosa usingizi. Maana nyumbani kulikuwa na Idi.

Idi alikuwa mtoto wa mama mdogo; mama yake alipofariki, akaletwa kwetu na begi moja. Mpole, maneno hana. Kila mtu alimpenda, na hilo ndilo lililoniuma.

Vifaa tuliokota kwenye redio mbovu walizotupa mafundi. Mimi nilitangulia: kitaa kwenye adapta, waya mpaka barazani. Umeme upo, kinawaka. Nilijisifu mtaa mzima. Siku ya tatu Mama alishakizoea, hakitazami tena. Umeme ukakatika, kikazimika kwenye jua lile, na barafu zikayeyuka yeye akiwa anamsuka jirani.

Idi akaja na chake, cha betri za tochi na transista moja ya miguu mitatu. Umeme ukiwepo, waya wa adapta unaifanya transista ifunge njia ya betri. Ukikatika, njia inafunguka, kitaa kinawaka. Kwa hiyo asubuhi nzima kilikuwa kimezima tu.

"Idi, taa yako imekufa," nikamwambia mbele za watu.

"Iache ilale," akasema.

Alasiri kikawaka. Mama akainuka mbio, akahamishia barafu zote kwenye deli la kutunzia baridi. Kisha akamshika Idi kichwa. "Fundi wangu ndiye huyu, babaangu." Mimi nimesimama pale pale.

Sasa Mama nimemjengea Magomeni, na jenereta inajiwasha yenyewe. Idi ni mwalimu huko kusini, hata pikipiki hana. Juzi nilikuwa sebuleni kwa Mama, umeme ukakatika. Kabla jenereta yangu haijanguruma, kitaa cha Idi, ambacho Mama bado amekitundika ukutani na kukibadilishia betri, kilishawaka.

"Idi huyo," Mama akasema, anatabasamu.

Nimechelewa sana kuelewa. Mimi niliwaza taa ya kuonyesha kwamba umeme upo, kwa sababu kila nikitoka shule mama yangu nilimkuta barazani. Idi aliwaza saa utakapokatika. Kwake ulikuwa umeshakatika. Yeye ndiye alikuwa na haki ya kunionea mimi wivu.

Hayo yote nayajua. Na bado neno lile la fundi nalitaka.