Chacha ya Kwenda Mbele

Siku hizi vijana wanaiita salsa na wanalipa ada wafundishwe. Sisi wa mtaa wa Mlandege tuliiita chacha ya Kikyuba, na mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani aliyewahi kuishi Dar, akarudi Iringa na santuri chache na majivuno ya kutosha mji mzima.

Mwaka ule tuliambiwa tutacheza kwenye maandamano ya Chama siku ya Saba Saba, na kikundi kitakachopendeza mbele ya jukwaa kitapelekwa Mbeya. Wenzangu walifurahia safari. Mimi nilikuwa na langu. Mama yangu alikuwa Mbeya. Aliachana na baba nikiwa darasa la pili, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Sasa shangazi alikuwa amenidokeza kwamba amelazwa hospitali na hali yake si nzuri. Kumwomba baba ruhusa ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Lakini safari ya Chama asingeweza kuizuia. Nani angethubutu enzi zile?

Kwa hiyo nilifanya mazoezi kwa hasira.

Ikabaki siku moja ndipo fundi akapata lori la kuazima. Tukapandisha gramafoni, tukajipanga nyuma yake wawili wawili. Lori likaondoka, likaingia kwenye shimo la kwanza, sindano ikaruka. Wimbo ukakatika, ukarudi mwanzo, ukakatika tena. Kibaya zaidi ni miguu yetu. Chacha yetu ilikuwa hatua mbele, hatua nyuma, zunguka, unaishia palepale ulipoanzia. Tulijifunzia kwenye sakafu ya ukumbi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba maandamano yanatembea. Lori lilikata kona sisi tukiwa bado mlangoni pa ukumbi.

Fundi akakaa kwenye ngazi. “Tujitoe,” akasema. “Aibu hii siiwezi.”

“Hujitoi,” nikamwambia. “Umetuchezesha siku zote hizi, na kesho utatuchezesha.”

“Binti, nani amekulea wewe?”

“Baba. Ndiyo maana niko hivi.”

Wenzangu walicheka.

Tukaamua muziki tuuimbe wenyewe. Wavulana walitikisa makopo yenye mahindi, mimi nikapewa kuiga tarumbeta kwa mdomo. Hatua ya nyuma tukaifupisha, tukamwomba Mungu.

Asubuhi ya Saba Saba kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulikwenda mbele, ndiyo, ila polepole mno. Nyuma yetu walikuwa wanafunzi na ngoma zao, wakaanza kutukanyaga visigino. Mgambo akaja na fimbo yake.

“Nyie, pembeni. Mnachelewesha watu.”

“Afande, jukwaa lile pale. Tuache tupite tu.”

“Pembeni, dada.”

Nikaendelea na tarumbeta yangu. Akanishika mkono, akanitoa barabarani, na wenzangu wakafuata. Tukiwa mtaroni, kikundi cha Ilula kilipita na matenga ya nyanya kichwani, kikashangiliwa. Wao ndio waliokwenda Mbeya.

Nililia mbele za watu bila haya. Nilivua viatu nikavitupa. Baba alikuwa kwenye umati, kumbe alikuwa ananitazama muda wote, akaja na koti lake refu.

“Twende nyumbani,” akasema. “Ngoma tu hiyo, mwanangu.”

“Si ngoma. Mama amelazwa Mbeya. Nilitaka nimwone.”

Neno mama sikuwahi kulitamka mbele yake tangu niwe mkubwa.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeniruhusu?”

Alitazama chini.

“Hapana,” akasema.

Akaokota viatu vyangu, akavipangusa vumbi kwa koti lake, tukarudi nyumbani Mlandege. Nilijidanganya kwamba labda kesho yake angesema kitu. Hakusema, na mimi nilikuwa na kiburi chake, sikumwomba. Mama alifariki kabla mahindi hayajaisha kuvunwa.

Baba naye sasa hayupo. Watu husema aliyekufa husamehewa. Mimi sijaweza, ingawa namshukuru kwamba siku ile hakunidanganya.