Kiolezo cha Dashibodi ya Ndege

Mume wangu ni mchonga vibao: namba za nyumba, vyeo vya mabosi, "Tafadhali Funga Mlango". Siku rubani mwenye kindege cha watu wawili alipomwagiza bamba jipya la kufunika dashibodi, lenye matundu ya geji za kasi, mafuta na kimo na maandishi chini ya kila moja, mume wangu alishindwa kula kwa furaha. Maisha yake yote alitamani kazi moja ambayo mtu angeitazama mara mbili.

Yeye huchonga plastiki angavu kwa nyuma na kuitia rangi huko huko, ili vidole visifute maandishi. Kwa hiyo hata kiolezo cha kadibodi hukichora kwa nyuma, kulia kukiwa kushoto. Alijikunja ndani ya kile kindege, magoti kidevuni, akapima kila tundu. Nilimcheka sana. Yeye wala hakunisikia.

Jumatatu kiolezo hakikuwa mezani. Mdogo wake, ambaye mume wangu alimlea na kumfundisha kazi, naye haonekani. Tukampigia rubani.

"Si mdogo wako kaja kuniambia macho yako yameishiwa nguvu?" akashangaa. "Kasema kazi umemwachia yeye."

Nilitukana mpaka jirani akafunga dirisha. Mume wangu alikaa tu, anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Wiki haikuisha, shemeji huyo mlangoni, kwapani kabana bamba la bati lililokatwa, kukunjwa kingo na kupakwa rangi vizuri kabisa. Ila alikifuata kiolezo kwa mbele, matundu yote yamegeuka: la geji ya kasi limeangukia upande wa abiria. Rubani alikuwa amemfukuza na kumpa fundi mwingine kazi hiyo, hataki tena kusikia habari za familia yetu.

"Kaka, umenitega," akasema, bila hata salamu. "Umekichora kinyume makusudi ili niumbuke."

Nilitafuta kitu cha kumrushia. Mume wangu akanizuia mkono.

"Siku zote nachora hivyo," akamwambia taratibu. "Meza hii hii, wewe ubavuni kwangu."

Shemeji akaitazama meza kama mgeni. Ilionekana wazi kwamba hakuwa akijua hilo. Akaliacha bati pale, akaondoka.

Mume wangu aliligeuza lile bati mara kadhaa, kisha akaniuliza, "Sasa miaka yote ile nilikuwa namfundisha nani?"