Asiyerudisha Kadi Hapokelewi

Tangu Jumapili sipiti sokoni hapa Kilwa Masoko. Vyama vingi viliporuhusiwa, nilijifanya katibu mkali wa chama chetu kipya: asiyerudisha kadi ya chama tawala hadharani, hapokelewi. Baba mkwe alikuja kutoka Mitole, akasema yake imepotea.

"Shikamoo baba," nikamwambia, "lakini wewe ni pandikizi."

Akaondoka, akarudi kwao Mitole. Yangu mimi, mwoga mkubwa, nilidai imeungua, wakaniamini.

Jumapili mkutanoni nikanguruma kwenye kipaza sauti: "Nani bado anaficha kadi?"

Mke wangu akapenya katikati ya watu, ameinua kadi yangu juu.

"Baba Zuhura, hii hapa, ilikuwa chini ya godoro. Nimekuletea, wasije wakakufukuza kama ulivyomfukuza baba."