Mkono Juu ya Injini

Nilitoka Kitale juu ya lori la mahindi, nikalala Nakuru, nikalala tena Mtito Andei chini ya turubai, na mwishowe dereva akanishusha Changamwe akisema mzigo umefika na mimi nimefika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mpango wa kukaa. Sijawahi kuwa na mpango wa kukaa mahali popote. Lakini kando ya barabara palikuwa na ua uliojaa vichwa vya magari madogo, yaani sehemu ya mbele tu, iliyokatwa ikiwa na injini na gia zake. Nilisimama kutazama mpaka Msimamizi wa Stoo akatoka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Watoka bara wewe, na vumbi lako lote. Umekuja na nini?"

"Na mikono."

"Basi. Ndiyo tuitakayo."

Siku hiyo hiyo alinifundisha desturi ya ua. Mteja akiuliza kama injini itaingia katika gari lake, muuzaji hajibu kwa mdomo. Hulinganisha miguu ya injini, ile mipira inayoishikilia kwenye bodi. Hutazama soketi ya nyaya zinazokwenda kwenye kompyuta ya gari. Kisha huweka kiganja juu ya injini, mteja akiona. Kiganja hicho ndicho dhamana. Isipoingia au isipowaka, ni juu yako kumtafutia nyingine. Asiyejua hutia mikono mfukoni, wala hachekwi.

Kazi nyingine ilikuwa kutabiri. Sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, na wengi hununua yanayokaribia umri huo kwa kuwa bei yake ni nafuu, kwa hiyo kigari kinachozinduliwa Japani leo tutakipata miaka kadhaa baadaye, kikiwa kimeshatumika. Muuza vipuri asiyejua kitakachokuja hubaki na stoo ya vitu vya jana. Kila Ijumaa baada ya swala tulikaa kwa muuza kahawa tukabishana. Kijacho kitakuwa na pistoni tatu au nne? Kitakuwa na betri ya kusaidia injini? Na je, kimejengwa juu ya sakafu gani? Sakafu ni ule mfupa wa chini unaobeba injini, magurudumu na viti. Watengenezaji huunda mmoja, wakauvika bodi mbalimbali zenye majina mbalimbali.

"Mwili mmoja, kanzu nyingi," Msimamizi alikuwa akisema. "Lakini ndugu wa tumbo moja hawavai kiatu kimoja. Kapime."

Aliyekosea utabiri alinunua kahawa na kashata za wote.

Baadaye nikapelekwa tawi la Kisauni, upande wa Junda. Mkuu wa Tawi alikuwa fundi wa malori wa zamani, na hakutaka kusikia habari za injini ndogo.

"Gari la pistoni tatu ni punda aliyekatwa mguu," alisema.

"Na chungu, mkuu? Hukaa juu ya mafiga mangapi?"

"Chungu hakiendi Utange."

Pistoni tatu zikaja, zikajaa Junda na Utange yote, zikabeba abiria, saruji na mbuzi. Mkuu alinunua kahawa kimya kimya, kisha akaagiza injini hizo na kuziuza kuliko sote.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Likoni. Meneja alikuwa mpya, na alipenda uvumi kama tulivyoupenda sisi, ila yeye aliuamini. Kulikuwa na kigari kipya kilichoanza kuteremshwa bandarini, nasi tukakipa jina Kikombe kwa umbo lake. Mitandaoni ilisemwa kimejengwa juu ya sakafu ya Chura, kigari cha zamani tulichokijua sana, na kwamba hata injini ni ile ile. Meneja akaagiza kontena zima la injini za Chura kabla ya yeyote kati yetu kufungua boneti ya Kikombe.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Mwanasha, muuza mahamri. Kikombe chake ndicho kilichopeleka mahamri shuleni na kwenye viwanda kila alfajiri, na injini ilikuwa imechemka ikafa. Kilikokotwa hadi mlangoni kwetu.

Tukapandisha injini moja ya Chura mezani, nikapima. Sakafu ilikuwa moja, kweli, nami nikasema hivyo. Miguu ya injini ilikaa sawa. Lakini soketi ya nyaya haikufanana, na hakuna kati yetu aliyewahi kujaribu kuiunganisha.

"Mwanangu, itawaka au haitawaka?" aliuliza Mama Mwanasha. "Niambie nijue. Nikishanunua hii, sina pa kushika tena."

Nikatia mikono mfukoni.

"Weka mkono," Meneja akasema. "Si umesema mwenyewe sakafu ni moja?"

"Sakafu haiwashi injini."

"Kontena zima limekaa hapo nyuma. Ukibaki na mikono mfukoni leo, kesho Likoni nzima itasikia. Weka mkono au utoke."

Siku hizi niko Lodwar, mwezi ujao sijui. Bado sijafika hamsini, lakini vijana wa gereji wananiita mzee. Hunionyesha simuni picha za vigari vijavyo, vimefunikwa karatasi za mistari ili visijulikane, nasi hubishana sakafu na injini mpaka kahawa ipoe. Naupenda ubishi huo kuliko chakula. Huniuliza kama injini ile ingewaka. Huenda ingewaka. Sijui hadi leo, na hiyo "sijui" ndiyo neno nililokataa kunyang'anywa. Tabirini mnavyotaka. Lakini kiganja si cha utabiri, wala hakiagizwi na meneja. Ningerudishwa Likoni leo, ningevitia tena mfukoni viganja vyote viwili.

Siku ile, pale Likoni, nilivua koti la kazi nikalitundika kwenye msumari wake. Nikamwambia Mama Mwanasha kwamba Junda yuko fundi awezaye kuifufua injini yake mwenyewe, polepole, na kwamba mimi mwenyewe ningempeleka. Alimgeukia Meneja, akamwonyesha injini ya Chura pale mezani.

"Haya baba, huyu hataki. Basi weka wewe."

Meneja akaitazama injini. Akalitazama kontena. Kisha mikono yake ikaingia mfukoni, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka.