Kati ya Meno Mawili

Mama alipokea simu kwa maneno yaleyale, awe amepiga daktari au muuza mkaa: "Sema haraka, sina salio." Tulimweleza mara mia kwamba anayepokea halipi kitu. Akasema kampuni za simu hazina undugu na mtu, huwezi kujua.

Simu hiyo ilibaki juu ya kabati letu miezi saba baada ya kumzika. Niliichaji kila Jumamosi, na mtu asiniulize sababu. Yeye mwenyewe alikaa nayo mapajani wiki tisa akisubiri ujumbe mmoja. Kuiacha izime niliona ni kama kumfungia mlango.

Lakini habari hii ni ya mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Nukta, kwa kuwa alizaliwa mdogo mno hadi mkunga akauliza kama ndiye huyu tu au yuko mwingine anakuja. Mimi niliishia la saba nikashika cherehani. Yeye alisoma, akashika kompyuta. Tunafanya kazi chumba kimoja, mimi dirishani na sare za shule, yeye ukutani, amelipa kabati mgongo. Zamani alikaa akilitazama. Aligeuza meza siku ya tatu baada ya mazishi.

Nukta ndiye aliyeitengenezea zahanati programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe. Karani anaandika orodha, mstari kwa mstari: mtu, namba yake ya simu, shida yake. Programu inasoma, inatuma: majibu yako yako tayari, njoo zahanati. Wakabandika tangazo mlangoni, msije kujazana hapa, subirini ujumbe. Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Wakachukua kipimo, wakamwambia asubiri, naye akasubiri kwa maringo, maana ujumbe wenyewe unatumwa na mwanawe. "Mashine ya Nukta haisahau mtu," aliwaambia majirani. Kaka yetu mkubwa alipochoka akambeba kumpeleka, daktari alifungua faili akashangaa.

"Majibu yalitoka wiki ya pili. Mbona hamkuja?"

Msibani, mbele ya watu wenye vikombe mikononi, kaka akamwambia Nukta: "Mashine yako imemla mama." Hakurudia. Wala hakukanyaga kwetu tena.

Tangu hapo mdogo wangu alibaki na jambo moja tu duniani, kujua kama ni mkono wake. Aliifumua ile programu yote, akaishona upya, kosa halioni. Chakula kinapoa pembeni. Simu ya juu ya kabati ikitetemeka, kumbe ni kampuni inampongeza marehemu kwa dakika za bure, Nukta anaruka kama kachomwa sindano. Na siku nyingine ilitetemeka akasikia yeye peke yake. Napanda kigoda, naangalia, kioo cheusi.

"Imelia, dada."

"Haijalia."

"Imelia."

Nikaacha kubishana. Baada ya muda nami nikaanza kuisikia.

Asubuhi moja nikamwambia, "Lete hizo orodha nisome mimi. Wewe umezisoma mpaka zimekuzoea."

Akachapa ya siku ile ya mama. Mimi nasoma mstari, yeye anatazama kwenye kompyuta kama ujumbe ulitoka.

"Presha."

"Ametumiwa."

"Kung'oa jino."

"Ametumiwa."

"Mjamzito."

"Hakutumiwa."

"Kidonda cha mguu."

"Hakutumiwa."

"Uvimbe shingoni." Namba iliyoandikwa pale naijua kwa kichwa. Sikungoja jibu, nikaendelea. "Kikohozi."

"Hakutumiwa."

"Kung'oa jino."

"Huyo naye hakutumiwa."

"Macho."

"Ametumiwa."

Tukachukua orodha ya siku nyingine, kisha ya siku nyingine tena.

"Nukta," nikasema, "hawa wote wameliwa kati ya meno mawili."

"Unasemaje?"

"Kila aliyepotea, juu yake yuko mtu wa kung'oa jino, na ukishuka unakuta mwingine wa kung'oa jino. Kwani chumba cha meno walikifungua lini?"

Alinyanyuka. "Mwezi uleule." Kisha akakaa tena.

Alinieleza baadaye, nami naeleza kishonaji. Lugha ya kompyuta inakuja na maktaba yake, yaani kazi ambazo wenye lugha wamekwisha kuzifanya ili watu wasianze upya kila siku. Mimi sifumi kitambaa, nanunua. Basi kazi ya kuikata orodha vipande Nukta aliichukua humo, kama wanavyoichukua maelfu ya watu. Sasa ile alama ya juu kwenye ng', mwalimu wetu wa la nne aliiita ritifaa, maktaba iliiona ni alama ya kufungulia maneno ya mtu. Ikafungua, ikameza yote yaliyofuata, mistari na watu wake, hadi ilipokuta ritifaa nyingine ikafunga. Wala haikusema kitu. Wenye lugha wanazo ritifaa katika maneno yao pia, ila zao walikwisha kuziandikia ruhusa, herufi kwa herufi. Mlinzi wa getini kapewa picha za wenye nyumba tu. Ng'oa haikuwamo.

"Na kung'ang'ania?" nikauliza. "Hilo lina mbili."

"Linajifunga lenyewe. Halimdhuru mtu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba, na papo hapo akaziba mdomo, kana kwamba chumbani kuna mtu amelala.

Akaandika marekebisho, mistari mitatu: ritifaa yenye herufi kabla yake isifungue chochote. Akawapelekea watunzaji wa lugha ile ya kompyuta, huko waliko, watu asiowahi kuwaona. Siku ya pili wakajibu: hili ni neno kweli, au umekosea kuchapa?

Nilitaka kujibu mimi. Angeniachia, mpaka leo wangekuwa hawasemi naye. Nukta akawatumia ng'ata, ng'aa, ng'ombe, kung'uta, nyang'anya, bila tusi hata moja. Akaongeza na jaribio, orodha ya watu watatu, ambayo mashine ikiisoma lazima iwaone wote watatu. Wa jino, mama, wa jino. Wakakubali, wakashukuru, wakaiingiza. Maana yake, kila wanapoitengeneza lugha ile upya, popote walipo, mashine inamtafuta mama kwanza kuhakikisha yupo.

"Umemwandikaje?" nikauliza.

"Mama. Namba sifuri. Anasubiri."

Nikampigia kaka. Jumapili mchana alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mzima na kitambi chake.

"Kumbe si wewe," akasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Nilidhani sasa Nukta atalia, tukumbatiane, yaishe. Yeye akavuta karatasi mezani.

"Nusu ni mimi, kaka. Siku ile orodha iliingia na watu hamsini, ujumbe ukatoka wa arobaini na tano. Sikuhesabu. Na kuhesabu ni mstari mmoja."

Kaka akatafuta pa kukaa. Kiti kilichokuwa wazi ni cha mama, akabaki amesimama.

"Tena wako wengine," Nukta akasema, akainua karatasi. Watu arobaini na mmoja, wote waliomezwa tangu meno yaanze. Zahanati ilimwambia awatumie ujumbe, imetosha. Akakataa. Ujumbe ulishawakosa mara moja. Atapiga mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama walivyopangwa, apokee mgonjwa au apokee mfiwa.

Nikaisoma karatasi. Wa saba ni namba ninayoijua.

"Mruke mama," nikamwambia.

"Kuruka ndiko kulikomuua."

Akaanza. Wa kwanza alikwisha kupona zamani, akatutania kwamba zahanati yetu inatembea kwa magoti. Wa pili hapatikani. Wa tatu akapokea mwanamume, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mke wangu ameshatangulia," akakata. Nukta akaweka alama, kalamu ikatoboa karatasi. Wa nne, wa tano. Wa sita akasema atakuja kesho, na Mungu ambariki aliyemkumbuka. Kaka akanisogezea kigoda chini ya kabati.

Juu ya kabati ikalia. Safari hii tuliisikia wote watatu.

Nukta hakugeuka. Alikaa vilevile, simu sikioni, anasubiri. Ililia mara mbili, tatu, nne, nikajua huyu hatakata. Nikapanda, nikabonyeza, na kabla sijafikiri la kusema mdomo wangu ukasema:

"Sema haraka, sina salio."

Kaka akajishika ukutani. Pumzi ya Nukta niliisikia mara mbili, chumbani na sikioni.

"Majibu yako yako tayari," akasema polepole, neno kwa neno. "Njoo zahanati."

"Nimesikia."

Akaweka alama. Akapiga wa nane.